Feza, Jina Nililomnyima Mdogo Wangu

Nilipokuwa na miaka tisa nilibakiwa na jina moja tu, nalo sikulipenda. Naitwa Machozi. Mama alinizaa wiki ileile alipozikwa baba yake, nyumba ikiwa imejaa waombolezaji, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kutafuta jina lingine. Kwa muda nilikuwa na pa kujificha: padri alinibatiza Agnesi, na shuleni niliitikia hilo. Kisha serikali ikaagiza kwamba Mzaire wa kweli aache majina ya Wazungu. Asubuhi moja mwalimu, ambaye sasa tulipaswa kumwita sitwayeni, yaani mwananchi, alituambia kila mmoja aje na jina la wazee wake.

Nilimsihi baba aniandikishe Feza. Nilikuwa nimelichagua mwenyewe. Feza ni ile fedha nyeupe ya hereni za bibi arusi, na hata nikilitamka peke yangu chini ya kikwembe, kitenge nilichojifunika usiku, lilikuwa tamu mdomoni. Baba alikataa bila hasira. Alisema jina la nyumbani ninalo tayari, na mtoto hajichagulii. Akavaa abakosi yake mpya, lile koti la kizalendo lisilo na tai, akaenda shuleni, akaniandikisha Machozi.

Mwaka uliofuata mama alipata mimba. Tulikaa mtaa wa Kasuku, si mbali na stesheni ya reli ambako baba alikuwa akipima mizigo. Pamoja nasi aliishi Koko, ndivyo sisi tunavyomwita bibi, yaani mama mzazi wa baba. Jina lake hasa lilikuwa Mwamini, ila sikumbuki mtu akimwita hivyo. Hakuna mtaani aliyejua hadithi kumshinda, na kila jioni, sombe ya majani ya muhogo ikiwa motoni, watoto wa majirani walijaa jikoni kwetu.

Kwa hiyo hata jina la mtoto lilianza kujadiliwa huko jikoni. Mama alitaka Nyota. Shangazi Zaina, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa amekuja kutoka Kailo kumsaidia mama, alilikataa palepale. Alisema Nyota ni yule msichana wa hadithi aliyeolewa na mamba akavutwa chini ya mto Lualaba, ndugu zake wakabaki ukingoni wakimwita. Mtoto akipewa jina la mtu wa hadithi, alisema, atapita njia aliyopita yule. Mama hakubisha, na Koko akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nachambua mchele kando yao, nikaona jinsi jina zuri linavyoweza kufa kwa maneno machache.

Ndipo baba akaingia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba akizaliwa msichana ataitwa Feza.

Vidole vyangu vilisimama juu ya sinia. Kama angekumbuka kwamba nililia kwa ajili ya jina hilo, akanitazama hata mara moja, pengine ningevumilia. Lakini alikuwa amesahau. Alilipata lilipo, kama mtu anayeokota kitu njiani bila kujua kimedondoshwa na nani.

Mtoto alizaliwa msichana, mnene, mwenye nywele nyingi. Wanawake walikuja na sabuni na vikwembe, wakainama juu yake wakinong'ona, Feza wetu, Feza wetu. Kwetu mtoto hutolewa nje siku ya nane, na hapo ndipo dada mkubwa wa baba hulitaja jina mbele ya watu. Kabla ya hapo jina bado halijamshika. Nilihesabu siku zilizobaki.

Miongoni mwa hadithi za Koko kulikuwa na moja ya wasichana wawili waliokwenda kuchota maji. Mmoja alikuwa amevaa shanga alizopewa na mama yake. Mwenzake alizitamani, akamsukuma mtoni, akazichukua, akarudi nyumbani akisema rafiki amepotea. Yule aliyezama akawa anaimba chini ya maji, mpaka mama yake akamsikia. Koko hakuwataja wasichana hao kwa majina. Mmoja alikuwa mwenye shanga, mwingine alikuwa mwenzake.

Mimi nilimpa jina yule mwenzake. Niliwaambia watoto wenzangu pale chemchemi tulipochota maji kwamba Koko amenisimulia hadithi nzima, ile asiyowasimulia wengine. Wimbo nikautunga upya: Feza nirudishie shanga, Feza huku maji ni baridi. Wakauimba wakiruka kamba, wakauimba wakiosha sahani. Siku ya tano nilimsikia mama mmoja muuza maandazi akiuimba huku anageuza maandazi yake, wala hakujua umetoka wapi. Kazi yangu ilikuwa imekwisha. Nasema ukweli, nilijivuna.

Siku ya nane wanawake walijaa uani. Wali na kuku vilikuwa tayari, na mimi nilikuwa nazunguka na birika nikiwanawisha mikono. Shangazi Zaina alitoka na mtoto. Alipokuwa anataka kufungua mdomo, nje ya ua watoto walikuwa wanapita wakiimba. Akasikia lile jina, akasikia na yale maji. Akaagiza mmoja wao aitwe, na yule binti, kwa kupenda kusikilizwa, akasimulia yote mpaka mwisho, akaongeza kwamba ni hadithi ya Koko.

Shangazi alimgeukia Koko, mama yake.

"Mama, njo vile hadithi iko? Ule mubaya anaitwa Feza?"

Koko alinitafuta kwa macho katikati ya watu, akanipata na birika langu. Alinitazama kwa muda wa kutosha nikajua kwamba anajua. Nilijua pia kitakachofuata akisema hapana. Wangeuliza nani basi aliyeongeza jina, na wasingechukua siku nzima kunifikia. Mtoto anayemwimbia ndugu yake mchanga wimbo wa kifo hakuitwa mtundu wakati ule. Aliitwa mchawi. Mtaani kwetu mmoja alikuwa amepelekwa msituni upande wa Obokote kuoshwa kwa dawa, na hakurudi tena shuleni.

"Njo vile," Koko akakubali.

Shangazi akauliza mtoto ataitwa nani sasa, maana alikuwa amekwisha kumtoa nje na hawezi kumrudisha ndani bila jina. Koko akanyoosha mikono, akampokea.

"Ataitwa Mwamini."

"Mama, lakini wewe ungali muzima."

Watu wote pale walielewa maneno hayo. Mzee humwachia mjukuu jina akiisha kuondoka duniani. Akimpa angali hai, amempa na kivuli chake, na wawili hawakai sana na jina moja katika nyumba moja. Koko alijibu kwamba yeye ni mzima kweli, na pia ni mzee, na mtoto hawezi kukaa juani akisubiri. Wakapiga vigelegele, lakini havikuwa na nguvu.

Ungedhani nilitulia. Wivu wangu ulizidi. Kwa kuwa mtoto alibeba jina la mama mzazi wa baba, baba alianza kumwita mama. Alikuwa akirudi kutoka stesheni, ananisalimu njiani tu, kisha anainama kitandani na kumwuliza kwa heshima, "Mama, umeshindaje?" Majirani nao wakafanya hivyohivyo. Mimi nilitaka kumnyang'anya mdogo wangu fedha, na badala yake akapewa Koko mzima.

Koko alinisemesha jambo hilo mara moja tu, tukiwa tunatwanga sombe wawili.

"Ule mutoto mubaya wa hadithi hana jina," alisema. "Koko yangu hakumupa, na mimi sikumupa. Wewe njo ulimupa."

Nilisubiri kipigo. Akaniambia niongeze chumvi. Hadithi ile hakuisimulia tena.

Alifariki katika mvua zilizofuata, kwa kikohozi ambacho alikuwa nacho tangu kabla mtoto hajazaliwa. Mbele ya maiti shangazi alisema kwa sauti kile ambacho wengine walikuwa wanakifikiri, kwamba jina limehama na mwenyewe amelifuata. Tangu hapo mdogo wangu akawa mtoto aliyemmaliza Koko. Wazee wa ukoo hawakumpakata. Akiwa na miaka sita, mama mkubwa mmoja alimwondoa kwenye mkeka wake, mdogo wangu akaja kwangu analia, akiuliza amefanya nini. Nilimfuta uso. Moyoni, kabla ya aibu kufika, nilisikia raha kidogo. Hilo ndilo jambo ambalo mpaka leo naona tabu kuliandika.

Nilimweleza ukweli tukiwa watu wazima wote wawili, kwake ng'ambo ya mto, wajukuu wangu wakicheza mlangoni. Nilimweleza kuanzia Agnesi mpaka birika.

"Na Koko alijua?"

"Alijua."

"Miaka yote nilisema ni mimi njo nilimumaliza."

Nilimwambia alikuwa na siku nane tu duniani. Hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza. Aliingia ndani, akakaa huko kwa muda, akarudi na chai vikombe viwili.

Sijui kama jina lilimwua Koko. Kikohozi kile nilikisikia kwa masikio yangu kabla ya hayo yote, na mvua za mwaka ule zilichukua wazee wengi. Ninachojua ni kwamba mwanamke aliyeamini kabisa kwamba anatoa uhai wake, alinyoosha mikono akautoa, ili watu wamtazame yeye na mtoto mchanga, wasinitazame mimi. Miaka mingi nilimwonea mdogo wangu wivu kwa alichopewa asubuhi ile. Ilinichukua kuzeeka kuona kwamba tulipewa sote wawili, na kwamba fungu kubwa zaidi lilikuwa langu.