Chumba cha Chini, Kando ya Mfereji

Kiwanda kilipouzwa, kota za wafanyakazi ziliuzwa nacho. Mtu alipita na kipaza sauti akitangaza kwamba ikifika mwisho wa mwezi kila aliyekuwa akikaa mle awe ameshatoka. Baba alikuwa kitandani, dirisha wazi, akalisikia tangazo lote. Nilipoteremka kutoka mlimani kuja kumwona, hata salamu yangu hakumaliza kuipokea. Aliniambia kwa ule ulimi mzito aliobakiziwa na kiharusi, "Nataka kwenda kwetu."

Kwetu kwake kulikuwa kijiji kimoja karibu na Mtwara. Alitoka huko kijana, akaja Morogoro kutafuta kazi, akaipata kwenye mashine za kusuka nguo, akapanda mpaka akawa msimamizi wa zamu. Alimwoa mama, Mluguru wa milimani, wakanizaa mimi peke yangu. Mama alishatangulia mbele ya haki. Baada ya mama, kilichombakiza baba mjini ni kazi, na kazi nayo sasa ilikuwa imekwisha. Upande wake wa kulia ulikuwa umepooza. Aliweza kusimama kwa fimbo na bega la mtu, na kujikokota hatua chache kwenye sakafu iliyo sawa. Pakiwa na kizingiti kirefu, alishindwa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko juu kwa kina mama, mahali ambapo gari linakuacha chini na wewe unapanda ukishika mizizi. Mjomba alisema nimlete baba, nyumba ipo, vijana watambeba kwa machela. Nilimfikishia baba maneno hayo.

"Machela ni ya maiti, na ya mama aliyeshindwa kujifungua," alisema. "Mimi ni nani kati ya hao?"

Sikumtajia machela tena.

Njia ya kusini kwa gari ilikuwa haipitiki. Mvua zilikuwa zimeanza, Rufiji imejaa, na mabasi yalikuwa yakilala njiani siku nzima yakisubiri kuvuka. Ilibaki meli ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mtwara. Meli yenyewe haikuwa na siku maalumu. Mara imeharibika, mara inasubiri mzigo. Binamu yangu wa Dar, aliyekuwa akikaa chumba kimoja na mke na watoto huko Tandale, aliniambia kwa simu, "Dada, msije mkakaa hapa, hapana hata pa kumlaza mzee. Subirini hukohuko Morogoro. Meli ikipata siku nitakwambia, mpande basi mje moja kwa moja bandarini."

Basi nikawa na kazi ya kutafuta pa kulala. Miaka ile gesti zilikuwa zimeota kama uyoga. Kila mwenye kiwanja na rafiki wa kumpatia saruji alijenga, akapaka rangi ya waridi au kijani, akaandika jina ukutani kwa herufi kubwa. Sikuwa nimewahi kulala gesti. Nilianza na za Msamvu, kwa sababu ya mabasi.

Ya kwanza ilikuwa na msichana nyuma ya kidirisha, anapaka rangi kucha.

"Vyumba vipo. Upo na nani?"

"Na mzee mmoja. Nataka kwanza nione choo."

Aliniangalia vizuri. "Na mzee. Shoti taimu au mnalala?"

"Ni baba yangu mzazi."

"Wote huwa ni baba," alisema, akarudi kwenye kucha zake.

Choo kilikuwa nje, ng'ambo ya ua, juu ya ngazi za saruji, tundu la kuchuchumaa. Niliondoka. Nyingine ilikuwa na choo cha ndani lakini mlango wake mwembamba hivi kwamba mimi mwenyewe niliingia kwa ubavu. Nyingine ilikuwa safi kabisa, na kila chumba kilikuwa ghorofani, chini yote ni marobota ya mitumba ya mwenye nyumba. Nilikuwa naingia chumba cha watu, siangalii kitanda wala shuka, nainama kupima kizingiti kwa kiganja changu, kisha naingia chooni na kukikalia. Wahudumu walinisubiri mlangoni wakitazamana.

Nilikuja kuipata jioni, mjini kati, upande ule ambako mifereji inayotoka mlimani inapita nyuma ya nyumba. Mji wetu ni mji wa mifereji. Mgeni haioni mpaka aanguke ndani yake, lakini iko kila mahali, mingine imejengwa kwa mawe, mingine mtaro tu wa udongo wenye kivuko cha mbao, na maji yake ni ya Uluguru. Gesti hiyo ilikuwa na ghorofa moja. Mhudumu wake alikuwa mama wa makamo, Mgogo, mwenye sauti ya taratibu. Ni yeye peke yake ambaye hakunicheka nilipokikalia choo.

"Mgonjwa wako amepooza?" aliuliza.

"Upande mmoja."

Alinionyesha vyumba viwili. Cha juu kilikuwa na dirisha kubwa na hewa, lakini ngazi zake zilikuwa kali na hazina pa kushika. Cha chini kilikuwa mwisho wa korido, sakafu yake sawa na barabara, mlango mpana, choo cha kukaa ndani. Kilinuka unyevu.

"Mimi nisingedanganya mtu mwenye mgonjwa," alisema. "Cha juu ndicho chumba. Huku chini mbu wengi, na mfereji uko nyuma ya ukuta huu. Mvua zikikolea sakafu inatoka jasho."

"Jasho tu?"

"Toka nimeanza kazi hapa, jasho tu."

Nilimwambia nitamleta mwenyewe achague.

Siku ya kuhama, teksi ilikataa kufika kwenye kota kwa sababu ya matope. Aliyekuja kutuhamisha alikuwa mtu aliyewahi kufanya kazi chini ya baba, zamu moja, mashine za mwisho karibu na dirisha. Sasa alikuwa anasukuma mkokoteni sokoni. Alitandika godoro, akamweka baba juu yake na mabegi yake mawili, akaanza kusukuma. Nilitembea kando nikiwa nimeshika mwavuli. Tulipopita watu walisimama. Wengine walimtambua wakamwamkia, "Shikamoo fundi," na baba akaitika "Marahaba" kwa kila mmoja, macho yake yakiwa mbele, kama mtu aliyepanda gari la serikali.

Tulipofika, nikamweleza habari ya vyumba viwili. Nilimwambia ukweli wote, na rai yangu pia: tuchukue cha juu.

"Fundi, mimi nakubeba mgongoni," alisema yule wa mkokoteni. "Dakika moja umefika. Siku ya kuondoka nakuja nakushusha."

"Umenisukuma mji mzima watu wakinitazama," alisema baba. "Nakushukuru. Lakini juu sibebwi. Nataka chumba ambacho nikitaka kutoka nitatoka mwenyewe."

Mhudumu aliniangalia. Nikachukua funguo za chini.

Tulisubiri. Nilisogeza kitanda ukutani ili mkono wake mzima upate pa kuegemea, nikafunga kamba kutoka mguu wa kitanda hadi kitasa cha mlango wa choo, akawa anaivuta na kujikokota. Siku ya kwanza alipoenda na kurudi bila mimi, alikaa kitandani akihema, uso wake umejaa furaha ya kitoto ambayo iliniuma kuliko ugonjwa wenyewe. Mchana kuta zilileta sauti za vyumba vya jirani, za watu wasiokuja kulala. Baba aligeukia ukutani akavuta tasbihi. Mimi niliwasha redio.

Alizungumza sana siku zile, kuliko miaka yote niliyomjua. Lakini hakuzungumza habari za kwao kwa raha. Alikuwa akiuliza maswali ambayo hayakuwa yangu kuyajibu. Nani atakuwa amebaki? Dada yake yupo, hilo alilijua. Wengine? Nyumba ya mama yake ilianguka au ilijengwa upya? "Niliondoka natembea," aliniambia mara moja. "Nitashuka melini vipi mbele yao?"

"Watakupokea, baba."

"Kupokelewa si neno. Nauliza nitashuka vipi."

Siku moja baada ya adhuhuri nilikwenda Posta kumpigia simu binamu. Mjini palikuwa na jua. Lakini milima haikuonekana. Wingu zito lilikuwa limeishukia mpaka miguuni. Anayeishi Morogoro huliona wingu la namna ile mara nyingi, anaanua nguo na kuendelea na shughuli zake. Foleni ya simu ilikuwa ndefu. Binamu alipopatikana alikuwa anapiga kelele kwa furaha: meli imepata siku, keshokutwa asubuhi, tuje kesho.

Nilitoka Posta mvua haijafika, nikakuta watu wanakimbia. Maji yalikuwa yamefika kabla ya mvua. Mfereji wa barabara kubwa ulikuwa umevimba, rangi ya chai ya maziwa, umebeba mabua, migomba mizima, na mlango wa banda la mtu. Vivuko vilikuwa vimeng'oka. Nilivua viatu nikavuka palepale, maji yakanifika mapajani, mwanamume nisiyemjua akanishika mkono akinitukana.

Kwenye korido ya gesti maji yalikuwa yanasukuma milango. Ukuta wa nyuma ulikuwa umepasuka. Nilimwita baba, akajibu mhudumu.

"Huku! Njoo ushike!"

Godoro la sponji lilikuwa linaelea, na baba yuko juu yake, chali, mkono wake mzima umeng'ang'ania ile kamba niliyoifunga. Yule mama alikuwa amesimama ndani ya maji, amelibana godoro ukutani kwa tumbo na kifua chake ili lisipinduke. Sijui alisimama hivyo kwa muda gani. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Baba hakuwa anapiga kelele. Alikuwa akisoma shahada kwa sauti ndogo, anaikosea kwa sababu ya ulimi, anaanza tena.

Akaja mfanyabiashara mmoja wa vitenge aliyekuwa amepanga juu. Tukamshika sisi watatu, mmoja kwapani, mmoja kiunoni, mimi miguu, tukampandisha zile ngazi. Kilemba cha mhudumu kilianguka, shuka ya baba ikaanguka, na kanzu yake ilikuwa imempanda kifuani. Nilimfunika kwa khanga yangu. Alikuwa amefumba macho, hakuyafumbua mpaka tulipomlaza.

Chumba cha juu kilikuwa kikavu. Dirisha lilikuwa wazi na hewa ilikuwa nzuri, kama nilivyoambiwa.

"Ulimpata binamu yako?" aliniuliza baadaye, meno yakigongana.

"Nilimpata. Meli ni keshokutwa."

"Basi tutawahi."

Asubuhi alikuwa anawaka homa na kifua kinakoroma. Yule wa mkokoteni, niliyekuwa nimemtumia habari, alikuja kumshusha kama alivyoahidi, ili tumpeleke Msamvu kwenye basi, akaishia kumpeleka hospitali. Wakati huo ndio walikuwa wameanzisha kuchangia huduma. Nilikuwa natoka wodini kwenda duka la dawa la ng'ambo ya barabara, nanunua glovu, nanunua dripu, narudi, naambiwa na sindano pia. Mhudumu wa gesti alikuja kumtazama akiwa na uji kwenye chupa ya chai. Alikuwa anakohoa.

"Ningesema zaidi," aliniambia. "Siku ile ningekataa kabisa kukupa funguo."

"Angekwenda kwingine," nilimjibu. "Alikuwa anatafuta chumba cha chini."

Nilimwambia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Hata leo nikiyapima, sioni chumba kingine. Palikuwa na ngazi na palikuwa na maji, na ngazi ndizo tulizoziona.

Siku meli ilipoondoka baba aliniuliza saa, nikamwambia. "Sasa wamepita taa ya bandari," alisema. Hakuitaja tena. Alikaa wodini mpaka mvua za masika zikawa nyingi hasa, akafa alfajiri moja nikiwa nimekwenda kuchota maji ya kumwosha uso. Tulimzika makaburi ya mjini. Wajomba waliteremka kutoka mlimani, wengi kuliko nilivyotarajia, na ndio waliochimba.

Njia ya kusini ilipofunguka, alikuja dada yake, shangazi ambaye nilikuwa sijawahi kumwona. Alikuwa mwembamba, mweusi wa kung'aa, mwenye tundu kwenye mdomo wa juu lililoachwa na ndonya, kile kipini cha mti cha wanawake wa zamani wa kwao. Alikuwa na njia ya kukaa kimya iliyonifanya niendelee kusema. Nilimsimulia yote. Hakulia mbele yangu. Aliuliza kama kulikuwa na mtu wa kumsomea, nikasema yupo. Aliuliza kama alimtaja mtu. Nikamwambia, "Alikutaja wewe, shangazi, kwamba upo."

"Nilikuwapo," alisema.

Kabla hajaondoka nilimfungulia mabegi achukue anachotaka. Nguo zilikuwa zimeota ukungu. Alichagua kanzu moja, akachagua viatu vya ngozi, akasema kuna mdogo wao ambaye miguu yake ni sawa na ya marehemu. Alivitazama kwenye mwanga. Kiatu cha kushoto kilikuwa karibu kipya. Cha kulia kilikuwa kimelika pembeni mpaka kwenye uzi, pale baba alipokuwa akiuburuta mguu.

"Fundi viatu atakishona," nilisema.

"Huko kwetu hayuko," alisema shangazi, akavifunga vyote viwili kwenye khanga. Nikamsindikiza Msamvu, nikamtafutia kiti cha mbele, karibu na mlango, akaketi na lile furushi mapajani, basi likaondoka.