Karai Lililomshinda Khotsa Philemon

"Mimi Philemon Masinde, miaka thelathini na moja nikipika sukari, sijawahi kumwaga karai hata moja!"

Alisema hayo kanisani Lurambi, Jumapili ya mavuno, kipaza sauti mkononi, mchungaji na mashemeji wote wakisikia. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, maana huyo ni khotsa wangu, ndugu wa mama, na chakula kilikuwa bado hakijagawanywa.

Ndiye aliyenilea katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sukari. King'ora kikilia alfajiri, hata viziwi waliamka. Majivu meusi kutoka kwenye bomba yalitua juu ya nguo zilizoanikwa, kwa hiyo shati langu jeupe la shule nililijua kwa jina tu. Lakini tulikula. Nikiukumbuka mtaa ule, hilo ndilo hunijia kwanza: tulikula kila siku.

Kiwanda kilipozima mitambo, khotsa alienda kupika sukari nguru kwenye kinu kidogo cha Madam Jepkorir, mama mmoja kutoka Lumakanda. Nami diploma yangu ya teknolojia ya chakula ilipokwama katikati (karo iligoma, na mimi sikuibembeleza sana), akaniombea kazi hapo langoni.

"Mwiwa, mpwa wangu, kazi yako ni meno," akaniambia. "Trela ikifika, vunja muwa, tafuna. Ukisikia uchachu, irudishe ilikotoka."

Miaka miwili nisome asidi na vipimo, halafu nilipwe kwa kutafuna kama mbuzi? Niliona ni ushamba. Alhamisi moja trela ikaja, dereva akaapa kwa jina la mamake kwamba miwa ilikatwa jana. Nikaitazama rangi, nikakunja uso kama daktari, nikaipitisha. Kumbe ilikuwa imelala shambani tangu Jumatatu.

Muwa uliolala hauna sukari ya kuganda. Khotsa alichochea, akaongeza chokaa ya kupunguza uchachu, akadondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi. Tone lilitakiwa kujikunja kama gololi. Likatawanyika kama udaku. Akajaribu tena, yaleyale. Ndipo akaenda kwenye lundo la miwa, akavunja kipande, akatafuna, akanitazama.

Madam Jepkorir alikuwa na sheria moja: anayeharibu karai anaenda nyumbani siku hiyohiyo. Na mimi nyumbani palikuwa na mama aliyekwisha kuwatangazia majirani wote wa Shieywe kwamba mwanawe ameandikwa kazi.

Madam akaja, akachungulia uji ule wa kahawia. "Nani amefanya hii?"

Nikafungua mdomo. Khotsa akanitangulia.

"Ni mimi, Madam. Nimezidisha chokaa."

Kisha Wekesa, mchochea moto, akapasua kicheko. "Wee! Bingwa amemwaga! Mzee, ile ya kanisani sasa tuifute?"

"Ifuteni," khotsa akasema, akaanza kukunja mikono ya shati.

Madam akamgeukia. "Nikikufukuza wewe, nani atanipikia? Mwageni hiyo kitu."

Tukaibeba ndoo baada ya ndoo mpaka mtaroni, nyuki wakitusindikiza. Huko nikamwambia, "Khotsa, kwa nini?"

"Mimi hawezi kunifukuza, hana mpishi mwingine. Wewe angekufukuza kabla ya chai." Akakung'uta ndoo. "Kesho uje na meno."

Jumapili iliyofuata walimcheka kanisani, na mashemeji ndio waliocheka kwa sauti. Alikaa kwenye benchi la mbele kama kawaida, akaimba. Mimi nilikaa nyuma na sikuweza kuimba.

Tangu siku hiyo natafuna kila trela. Ulimi umechanika, lakini kazi ninayo, na Januari narudi chuoni kumaliza, karo ikiwa imetoka langoni pale pale.

Kwa mshahara wa mwezi ule wa karai nilinunua jogoo wa kienyeji sokoni. Mama akampika, akasonga ugali tunaouita obusuma, na firigisi, ambayo kwetu ni haki ya mzee wa nyumba, nikaiweka mwenyewe kwenye sahani ya khotsa. Akaila polepole.

Jogoo alikuwa shilingi elfu moja mia tatu, na bei sikuibembeleza.