Iliki ya Biolojia, Tangawizi ya Historia

Wambeti alikuwa na miaka arobaini na mbili alipoamua kufanya mtihani wa kidato cha nne. Alikuwa mpishi wa shule ya upili ya wasichana karibu na Runyenjes, na kwa miaka kumi na mitano alikuwa amewapikia watahiniwa githeri ya mahindi na maharagwe, akawaona wakimaliza na kwenda zao. Yeye aliachia masomo kidato cha tatu, alipompata Karimi. Sasa Karimi alikuwa chuo kikuu kule Nchiru, na ndiye aliyemhimiza mama yake ajisajili.

Kila alasiri, kabla ya chai ya saa kumi, Wambeti aliketi stoo juu ya gunia la maharagwe, akasoma. Lakini mtihani wa majaribio ulipofika, yote yalimtoka. Katika karatasi ya Biolojia alijibu maswali manne tu.

Jioni hiyo Mwalimu Ngari wa Biolojia alimkuta jikoni akifuta macho.

"Ni vitunguu, mwalimu."

"Sioni kitunguu hapa, Mama Karimi."

Wambeti akakubali. "Kichwa changu kimezeeka. Hakishiki kitu." Papo hapo akageuka, akanusa. "Sufuria ile ya mwisho inataka kushika chini." Akaenda kukoroga, na kweli. "Harufu hii naijua. Tuliunguza hivi wageni wa wizara walipokuja. Ilikuwa Jumanne, mvua inanyesha, na mkuu wa shule amevaa suti ya kahawia iliyombana."

"Miaka mingapi sasa?"

"Kumi na mmoja."

Mwalimu akacheka. "Na kichwa hakishiki kitu? Mama Karimi, wewe unakumbuka kwa pua. Kila somo lipe harufu yake. Ulinuse ukisoma, na siku ya mtihani ulinuse tena."

Kesho yake Wambeti akagawa viungo. Biolojia akaipa iliki. Historia alitafuna kipande cha tangawizi. Kemia ilipata ganda la ndimu, na Hesabu akaipa karafuu, kwa kuwa hesabu, kama karafuu, ilimuuma. Hakutaka harufu hizo zichanganyike na mambo mengine, basi chai ya walimu ikakosa tangawizi miezi mitatu mizima. Walilalamika sana. Mwalimu Ngari alikunywa yake kimya.

Na mambo yakaanza kukaa. Alisaga iliki huku akiitaja njia ya damu: moyoni, mapafuni, ikirudi moyoni, kisha mwilini. Wasichana walimsikia, wakaanza kupita dirishani na madaftari yao. "Mama Karimi, tunusishe na sisi." Akawanusisha, kisha akawauliza maswali, na aliyekosa alimenya viazi.

Siku ya karatasi ya Biolojia, msimamizi, mama mkali aliyetoka mbali, aliona fundo kwenye leso ya Wambeti.

"Hii ni nini?"

"Iliki, madam."

"Ya nini?"

"Ya kunusa. Hunisaidia kukumbuka."

Msimamizi akalifungua fundo. Akaikagua leso pande zote, akazigeuza punje moja moja akitafuta maandishi. Hakupata kitu. Akaisogeza leso puani. "Marehemu mama alitia hii kwenye mandazi," akasema taratibu. Akamrudishia. "Kaa, mama. Saa inakwenda."

Swali la tatu lilihusu moyo. Wambeti akanusa leso, na damu ikaanza kutembea kichwani mwake, chumba hadi chumba, vali hadi vali. Akaandika hadi kengele ikalia.

Matokeo yalipotoka, Karimi alipiga simu.

"Mama, kaa chini kwanza."

"Nina githeri motoni. Sema."

"C+. Na Biolojia umepata B."

Wambeti aliuinua mwiko juu. Kisha akapiga vigelegele hadi walimu wakatoka ofisini, na Mwalimu Ngari akaingia jikoni akicheza ngoma isiyo na mpigaji.

Mwaka huo Wambeti alijiunga na chuo kimoja mjini Embu kusomea lishe. Karimi alimsindikiza siku ya kuripoti, akimbebea sanduku. Karani alimtazama Karimi, akachukua kalamu.

"Jina lako, msichana?"

"Mimi nimemleta mama," Karimi akasema.

Karani akaomba radhi, na Wambeti, akitabasamu, akasogea mbele akataja jina lake lote, polepole, ili liandikwe sawasawa.