Mtani Alipokuja na Upole

Mimi ni fundi cherehani, na kwa muda mrefu niliamini tableti ni kitu cha watu wasio na kazi. Nilikuwa naziona stendi ya Msamvu, wanafunzi wa chuo wamekalia mabegi wanasubiri basi, vidole vinateleza juu ya kioo, hata ukiwasalimia hawasikii. Niliziona kwa mabwana wa miradi, wale wanaokuja kupiga picha mitaro yetu halafu hawarudi. Redioni wakasema jina lake ni kishikwambi. Aka! Jina lenyewe linachosha. Chombo chenyewe huwezi kukatia kitambaa wala kuchambulia mchele, sasa cha nini?

Si kwamba nachukia vitu vipya. Nimekua wakati ambapo kitenge kikifika dukani mtaa mzima unapanga foleni, na aliyekipata anakivaa kanisani mpaka kinapauka. Ilipokuja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje, niliiona Morogoro ikifurika kwa macho yangu: mitumba, redio za kila rangi, baadaye simu, baadaye minara ya simu ikaota hadi kwetu milimani. Hata cherehani yangu niliipata kwa sababu ya ruksa hiyo. Lakini nilijifunza pia kwamba vingi vinavyong'aa havidumu, na mimi nikishakasirikia kitu sikisamehe upesi. Ndivyo nilivyo. Hasira hizi nimezirithi kwa mama.

Mama anaishi Matombo, huko huko milimani, kwenye nyumba yetu ya siku zote, migomba nyuma na midalasini pembeni, na mdogo wangu wa kike anakaa naye. Kiharusi kilimkuta anamenya magimbi. Hospitali walimrudisha akiwa hai, tukamshukuru Mungu, lakini mkono wa kulia ulikuwa umelala na maneno yote yalikuwa yamekwenda. Alisikia kila kitu, alielewa kila kitu, ila akifungua mdomo inatoka "eee" basi. Mama yangu! Mwanamke ambaye akimkaripia mtoto kwake, watoto wa kilima cha pili wanaacha kucheza.

Hata hivyo alipambana. Alijifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, uji unamwagikia kifuani, akijaribu kusaidiwa anasukuma mkono wa mtu. Tukasema huyu atapona. Kilichomwangusha hakikuwa kiharusi. Kilichomwangusha ni mtani wake.

Ukoo wetu na ukoo wa ng'ambo ya mto ni watani tangu enzi za mababu, na huyu bibi ndiye mtani wa mama hasa, rika moja, wametukanana tangu wasichana. Akija kwetu hapigi hodi. Anaingia anauliza kama yule mchawi bado hajafa, mama anamjibu kwamba hawezi kufa kabla hajamzika yeye kifudifudi, maana ukimlaza chali meno yake yatatoboa jeneza. Akiondoka anabeba mkungu wa ndizi bila kuomba, ndiyo haki yake, na mama akienda kwake anarudi na kuku. Wageni kutoka mjini walikuwa wanaogopa, wanadhani kuna ugomvi. Sisi tulijua kwamba siku mama akifiwa, wa kwanza kufika atakuwa yule, na ndiye atakayewafanya waliao wacheke.

Basi alikuja kumwona mgonjwa. Akapiga hodi. Akaingia taratibu, akakaa kwenye ncha ya kigoda, akasema, "Pole sana mwenzangu. Mungu ni mwema." Alileta mayai kwenye kikapu kilichofunikwa kitambaa safi. Akasali, akaaga, akapita pale ulipokuwa umeegemezwa mkungu wa ndizi, hata hakuugusa.

Mama aligeukia ukutani. Jioni hakula. Kesho yake hakula, akawa anaonja maji tu. Mdogo wangu akanipigia simu analia, "Dada, mama hali. Tangu mtani aje na upole wake mama hali kabisa. Anataka kufa, mimi namwona."

Nililia na mimi, kisha nikakasirika, maana ndiyo njia yangu ya kulia. Siku hiyo hiyo nilikuwa na nguo ya bibi harusi mezani, na uzi wa rangi yake umekwisha. Nikaenda kwa mwenye duka la vitambaa, Mhindi mmoja ambaye tumeuziana na kugombana tangu baba yake angali hai. Akaniona uso. "Mama fundi, leo hata hukuniambia uzi wangu umeoza. Kuna nini?" Nikamweleza pale pale kaunta, mbele ya wateja, wala sikuona haya.

Akanichukua nyuma ya duka, alipokaa mama yake mzazi kwenye kiti kirefu, shali mabegani. Nikasema, "Shikamoo mama." Yule bibi akanitazama, akavuta tableti iliyokuwa mapajani, akagusa picha, na sauti ya msichana ikatoka mle: "Marahaba." Kisha akagusa nyingine: "Mletee mgeni chai ya tangawizi." Mwanawe akatoka mbio kwenda kuleta chai, mtu mzima na kitambi chake!

"Na yeye ni kiharusi," mwanawe aliniambia aliporudi na chai. "Unapiga picha ya kitu, unarekodi neno lake. Mtu anagusa, chombo kinasema. Haihitaji hata mtandao."

Lo! Nilisimama pale na kikombe cha chai mkononi nikaona aibu kwa yote niliyoyasema juu ya tableti tangu zianze kuonekana. Akanielekeza hatua kwa hatua, kwa uvumilivu ambao sikumjua nao, maana kwenye bei za vitambaa hana hata chembe. Akaniuzia nyingine aliyokuwa ameiweka akiba, akatia ndani picha zilizokuja na chombo, na mimi nikaongeza maneno kwa sauti yangu. Nilijitahidi kweli. Nikasema kwa Kiswahili kizuri, polepole: "Naomba maji, tafadhali." "Samahani, nina maumivu." "Asanteni kwa kunihudumia."

Nilipofika Matombo nilimkuta mama amekwisha, mifupa ya shingo imetokeza. Nikapiga magoti kitandani nikamwonyesha. Akatazama ile picha ya maji, glasi yenye barafu na jani la kijani juu. Akatazama picha ya chakula, mkate mrefu kama fimbo. Nikachukua kidole chake nikagusisha. Chombo kikasema kwa sauti yangu: "Naomba maji, tafadhali."

Mama alinitazama kwa jicho ambalo nalijua. Jicho hilo nililipata nikiwa msichana, siku nilipomjibu ovyo mbele ya wageni. Akaisukuma tableti kwa mkono wa kushoto mpaka ikaanguka kwenye mkeka, akageukia ukutani.

"Unaona?" mdogo wangu akasema. "Mama tangu lini akaomba maji nyumbani kwake? Mama anasema, 'Maji!' na sisi tunakimbia. Wewe umemfanya mgeni."

Aliyosema yalikuwa kweli na yaliniuma. Nikaokota tableti, nikaifuta vumbi, nikatoka. Sikujua naenda wapi mpaka nilipojikuta nimevuka mto, nimesimama mbele ya nyumba ya mtani.

Alikuwa anapepeta mchele. Nikamwamkia shikamoo kwa kuwa nimelelewa, na alipoitikia tu nikamwaga yaliyonijaa. "Mama yangu anakufa, na wewe ndiye unayemuua! Umemwendea na pole, na mayai, na sala za rohoni! Umepita ndizi zake kama unapita kaburi! Wewe ni mtani gani?"

Akaweka ungo chini. Nilitegemea anitukane, ni mtani wangu pia, lakini macho yake yalijaa machozi.

"Mwanangu," alisema, "nilikwenda na matusi yangu tayari. Njia nzima nayapanga. Nikafika, nikaona ule mdomo umekwenda upande. Nikasema, nikimtukana huyu, atanijibu na nini? Kumtukana mtu asiyeweza kukurudishia si utani. Ni uonevu. Nikaogopa."

Hapo hasira zangu zikakosa pa kukaa. Nikaketi kando yake. Kuku walikuwa wanadonoa pumba miguuni kwetu. Ndipo nikamwonyesha tableti, nikamweleza inavyofanya kazi, na nilivyoharibu.

Akaigeuza huku na huku. "Sasa matusi ya mama yako nani anayajua yote?"

"Mama."

"Na mwingine?"

Nikamtazama. Akaanza kucheka polepole, mabega yanatikisika. "Akutukanaye hakuchagulii tusi, mwanangu. Mimi yale ya mama yako nimeyapokea maisha yangu yote. Ninayo hapa kichwani, halijapotea hata moja. Haya, washa hicho kidude."

Mchana ule wote tulikaa uani kwake. Kwanza nilifuta picha zote za ugeni. Nikapiga picha chungu, mtungi, jembe, mbuzi wake, kuku, kanisa letu la misheni kule ng'ambo, mto, na yeye mwenyewe mtani, ameinua kidevu kama anapigwa picha ya kitambulisho. Kila picha akaitajia jina lake. Kwenye mtungi alisema "Maji!" na kwenye chungu "Uji!", kama mama anavyosema, hata mbuzi akageuka. Halafu yakaja matusi, kila moja likapewa picha yake. Alikuwa anakohoa kwanza, anakunja uso kama mama, kisha anajitukana mwenyewe kwa moyo wote: "Mwizi wa kuku wewe, umekuja kula, hujaja kuniona!" "Toka hapa, unanitia kiza mlangoni!" "Nitakuzika kifudifudi!" Akimaliza tusi anauliza, "Limekaa vizuri? Rudia, pale sikuweka uchungu." Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, na katikati ya kucheka nilikuwa naogopa. Kwa sababu kama mama angeisukuma tena, sikuwa na kitu kingine.

Usiku ule mdogo wangu aliichaji kwenye betri ya sola yake, ile anayochajia simu za majirani. Asubuhi nikaiweka kitandani upande wa mkono wa kushoto wa mama, sikusema kitu, nikajifanya nafagia. Niliona anaitazama. Akaiona picha ya mtani. Akaisogeza kidogo. Sikujua ile ilikuwa dalili nzuri au mbaya, nikaendelea kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Mtani akaja jua likiwa limepanda. Hakupiga hodi. Alisukuma mlango kwa goti, akasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

"Yule mchawi bado hajafa tu? Mimi nimeshakodi watu wa kuchimba!"

Mdogo wangu alishika kanga yake mdomoni. Mama akamwangalia mtani kutoka miguuni mpaka kichwani, polepole, kama anayepima kitambaa. Mkono wa kushoto ukatambaa juu ya shuka, kidole kikatua.

"Mwizi wa kuku wewe, umekuja kula, hujaja kuniona!"

Weee! Nyumba ililipuka. Mtani alirukaruka, akapiga makofi, akatoa lingine, mama akatafuta, akagusa: "Toka hapa, unanitia kiza mlangoni!" Majirani wakaanza kuchungulia dirishani. Mama alikosea mara kadhaa, akatukana kwa picha ya mtungi, "Maji!", na mdogo wangu kwa mazoea akatoka mbio kuleta maji, tukacheka zaidi. Upande mmoja wa mdomo wa mama ulikuwa unapanda juu. Ni upande mmoja tu, lakini nilikuwa sijauona ukipanda tangu augue.

Hata hivyo nilijua, na nadhani mtani naye alijua, kwamba haya bado ni ya kwake mtani. Ni sauti yake, maneno aliyoyaweka yeye. Anajijibu mwenyewe kwa kupitia kidole cha mwenzake. Niliona kicheko chake kinaanza kupungua, na macho yanamtafuta mama nyuma ya kile kioo.

Mama alikuwa ameinama. Kidole kinazunguka juu ya picha, kinasita, kinarudi. Nikataka kumsaidia, mdogo wangu akanivuta gauni. Sasa lazima niseme kwamba mtani ni mwimbaji wa kwaya ya kanisa, sauti ya kwanza, na anajivunia sauti ile kuliko watoto wake. Ni jambo ambalo katika matusi yao yote, toka usichana, halikuguswa.

Mama akagusa picha ya mtani. "Mtani," chombo kikasema. Akagusa picha ya kanisa. "Kanisani." Akanyanyua macho, akamtazama mwenzake usoni, na bila hata kuangalia chini akagusa ya tatu.

"Mbuzi."

Watu wa dirishani walipiga kelele. Mtani akakaa chini sakafuni, mikono kichwani.

"Hilo sikulitia mimi," alisema, ananigeukia, machozi yanamtiririka huku anacheka. "Mwanangu, umesikia? Hilo sikulitia humo mimi. Hilo ni la kwake. Yumo! Mwenzangu yumo!"

Mimi nililia kwa sauti, sikuficha. Mama alitusubiri tumalize. Kisha akagusa picha ya chungu, na mdogo wangu akakimbia jikoni kuleta uji. Mtani alitaka kumlisha, mama akamsukuma mkono, akashika kijiko mwenyewe.

"Kula," mtani akamwambia, akijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Kula upate nguvu, mshenzi wewe. Kesho nakuja na jibu."