Juu, Kuume, Kuume, Chini

Usimuulize Zacharie kwa nini hatundiki tena karatasi ya kupimia macho. Niulize miye, Kavira. Niko naandika fishi za wagonjwa kwenye santre yetu ya afya hapa Bunia, mwaka wa kumi na moja huu, na kinywa yangu haijui kunyamaza. Zacharie ni infirmier, muuguzi wa macho, mutu wa kimya, shati imepigwa pasi mpaka kola. Ana tabia moja inayonichosha: anauliza kila mugonjwa maulizo yote, hata aliyeingiwa na vumbi tu. Ilianza lini? Jicho gani? Inauma ao inawasha? Umetia dawa gani, ya duka ao ya majani, usinifiche. Nyumbani nani mwingine ana shida ya macho? Wanaongoja nje wananuna, na matusi napata miye. Zamani hakuwa hivyo. Zamani alikuwa mwepesi.

Karatasi ile ilikuwa na herufi moja tu, E, imerudiwa mistari na mistari, kubwa mpaka ndogo. Miguu yake mitatu inatazama juu, ao chini, ao kuume, ao kushoto. Mutu anaziba jicho moja na kusema inatazama wapi. Inahitaji metre sita, na chumba chetu iko na tatu. Basi tuliitundika barazani, na benchi ya kungojea niliiweka miye palepale kando, kusudi watu wasinyeshewe. Kila aliyengoja alisikia majibu ya aliyemutangulia. Hatukufikiri. Naapa, hatukufikiri.

Siku moja alikuja mama Geneviève, mushonaji, aliyekimbia vita ya Djugu na kupanga nyumba mutaa wa Mudzipela. Kichwa kilikuwa kinamuuma, na alisema siku hizi anagonga milango kwa bega. Alikuwa wa kumi na sita kwenye mulolongo. Alipoitwa alisimama wima, akaziba jicho, akajibu mistari yote bila kukosa. Akabadilisha jicho, akajibu yote tena. Zacharie akamwambia, "Vizuri sana, mama," akamupa matone ya kusafisha macho, akaita mwingine. Hakumumulika na tochi. Hakumupungia vidole pembeni. Ajisumbue ya nini? Karatasi ilisema anaona.

Baada ya mwaka na nusu aliletwa ameshikwa mukono. Ilikuwa presha ya macho, ile isiyo na kelele, inayokula kuanzia pembeni mpaka inafika katikati. Ilikuwa imemaliza macho yote mawili, na kilicholiwa hakirudi. Zacharie akamuuliza namna gani alisoma karatasi siku ile. Mama akacheka kidogo. Alisema hajawahi kukaa darasani hata siku moja. Alipoona watu wanaulizwa na wengine wanashindwa mbele ya kila mutu, haya ilimushika. Basi alikaa kwenye benchi akajifunza majibu mpaka zamu yake ikafika. "Nilipata pointi zote, docta," akasema, na alikuwa anajivunia.

Zacharie hakumwambia kwamba siku ile hakumuangalia macho. Wala miye, mwenye kinywa hiki, sikumwambia. Mama alipotoka, Zacharie akashusha ile karatasi. Alikata E moja ya kartoni, na tangu pale anapima watu mumoja mumoja uani, anaigeuza kwa mukono namna anavyotaka. Lakini majibu yale hayakumwacha. Nimemusikia mara nyingi akinawa mikono, ananong'ona: juu, kuume, kuume, chini. Hata miye inanijia nikiwa namenya viazi, kwa sauti ya mama yule, na ninaogopa jikoni kwangu mwenyewe.

Sasa, mwezi uliopita akaingia mwanamuke wa miaka kama makumi tatu, Priscille, anauza sombe, majani ya muhogo, soko ya Mudzipela. Alisema pikipiki zinamukosakosa kila siku upande wa kushoto, hazioni zikija. Zacharie akauliza maulizo yake. Lini? Tangu musimu wa mvua uliopita. Inauma? Hapana. Nyumbani nani mwingine ana shida ya macho?

"Mama," akasema. "Yeye haoni kabisa. Alipimwa hapa hapa."

Kalamu yangu ikasimama. Zacharie aliuliza jina la mama, lakini uso wake ulikuwa umekwisha kujua.

"Geneviève."

Tukatoka naye uani. Priscille akasimama kwenye alama, akaziba jicho la kuume. Zacharie akainua kartoni, E inatazama kushoto. Alikuwa hajaigeuza hata mara moja.

"Juu," akasema Priscille. "Kuume. Kuume. Chini."

Karatasi ile tulikuwa tumeishusha zamani.

"Nani alikufundisha?" Zacharie akauliza.

"Mama. Jana kutwa nzima. Alisema nisije nikashindwa mbele ya watu."

Zacharie akaweka kartoni chini. "Miye ndiye nilimupima mama yako," akasema. "Nilisikiliza majibu yake, sikuangalia macho yake. Ningeangalia, pengine angekuwa anaona leo."

Priscille akamukaribia. Nilifikiri atamupiga, na singemuzuia. Halafu akasema, "Basi niangalie miye."

Alimuangalia. Alipunga vidole kila upande, akamulika mboni, akachungulia ndani na chombo chenye taa, akapima presha, akarudia yote. Ilichukua saa nzima na hakuna aliyethubutu kunung'unika. Jicho la kushoto lilikuwa limeliwa pembeni, katikati bado. La kuume lilikuwa limeanza tu. Akiweka matone kila siku bila kuacha, na docta wa macho akimufuata, kilichobaki kinaweza kulindwa. Priscille akalia, na miye nikalia naye.

Jioni tulimusindikiza Mudzipela. Mama Geneviève alikuwa amekaa kwenye mukeka anachambua maharagi kwa vidole. Alitambua sauti ya Zacharie mara moja.

"Docta. Mutoto amepata ngapi?"

"Ameshindwa, mama."

Vidole vikasimama ndani ya maharagi. "Priscille, na vile nilikufundisha."

Zacharie akavuta kiti kidogo, akakaa karibu naye. Akasema amekuja kumwambia neno juu ya siku ile aliyopata pointi zote. Uso wa mama ukafunguka. Aliipenda sana siku ile.

"Bado ninajua," akasema. Akaziba jicho moja kwa kiganja, akageuza lile lingine kwetu, akaanza: juu, kuume, kuume, chini. Zacharie akamwacha amalize mistari yote, ndipo akamwambia.