Mnara wa Wasichana Kumi

Juzi nimewakuta wajukuu zangu wa Kimara wanafanya mazoezi mbele ya televisheni. Wanamfuata mtu wa kwenye kioo: rukeni, inameni, shikeni vidole vya miguu. Wakanivuta na mie. Nikainama mara moja tu, kiuno kikalia, wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikawaambia chekeni, lakini bibi yenu huyu aliwahi kusimama juu ya migongo ya watu. Hawakuamini hata kidogo. Basi nakusimulia wewe, mwenzangu, uliyekula chumvi nyingi kama mie.

Ilikuwa Mtoni, miaka ile ya Ujamaa. Siku yetu ilianza na miguu. Kukipambazuka nimeshachota ndoo mbili bombani na kufagia uwanja wa bibi, halafu mbio shuleni kwa mchakamchaka. Tulikimbia kwa mistari kando ya barabara ya Kilwa, kiranja anaanzisha wimbo, sie tunaitikia, mchanga unaturukia mpaka magotini. Jioni ndiyo ilikuwa raha yenyewe: kuruka kamba, kuvuta kamba, kukimbia ndani ya magunia, kubebana mgongoni. Tukimaliza, mama muuza mihogo anatungoja getini na sufuria lake, mihogo ya kuchemsha, chumvi na pilipili juu. Mpaka leo sijaonja muhogo mtamu kama ule.

Mwalimu wetu wa michezo alikuwa mtu mfupi, filimbi haimtoki shingoni. Alikuwa akisema mwili wa mtoto ni mali ya taifa, na sie tulimwamini kabisa, tukajiona watu wazito. Yeye ndiye aliyetufundisha halaiki, yale mazoezi ya viungo ya watoto wengi kwa pamoja siku za sherehe. Jamani, halaiki! Filimbi moja, shule nzima mikono juu. Filimbi ya pili, wote chini, kimya. Unapumua, na kila mtu anapumua na wewe. Nywele zilinisimama kila siku, na tulikuwa tunafanya kila siku.

Mwaka huo wakubwa wa wilaya walikuwa wapite kuchagua shule itakayokwenda uwanja mkubwa wa mjini siku ya sherehe ya Uhuru. Mwalimu akaamua tutawashangaza kwa mnara wa wasichana kumi. Wanne chini kwa magoti na viganja, watatu juu yao, wawili juu yao, na mmoja kileleni, wima, mikono kaipanua. Mmoja huyo alikuwa mie, kwa sababu nilikuwa mwepesi kama kuku wa kienyeji. Bibi hakupenda. Mtoto wa kike apande juu ya watu, akauliza, akatazame nini huko? Lakini kila jioni alinikanda magoti kwa mafuta ya nazi.

Nisikufiche, niliogopa. Katika mazoezi nilianguka mara tatu, mara ya mwisho nikatua kwa bega, na toka hapo nilikuwa nikifika kileleni natazama miguu yangu tu. Nilijua nikianguka mbele ya wale wageni, shule nzima inabaki Mtoni kwa ajili yangu.

Chini kabisa, katikati, alikuwepo binti wa jirani yetu, mchonga vinyago aliyetoka kusini. Msichana mnene, mpole, hana maneno mengi. Mgongo wake ndio uliokuwa ngazi yangu ya kwanza, na nilikuwa naukanyaga hivihivi, kama mtu anayepanda kibaraza cha kwao. Tulimwita Pipa. Nani alianza? Ni mie, nisimsingizie mtu.

Siku yenyewe ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, uwanja una unyevu, wageni wamekaa kwenye viti vilivyotolewa ofisini. Filimbi ikalia, tukajipanga, nikapanda. Nikasimama. Mwalimu akaanza kuhesabu kwa sauti, maana tulikubaliana mpaka ishirini. Na wewe mwenzangu, nikaona! Niliona mabati yote ya Mtoni yanang'aa, minazi, moshi wa majiko, na kule mbali kipande cha bahari upande wa Kigamboni, na meli imesimama. Sikuwa nimewahi kuthubutu kuinua macho. Chini yangu hakuna kilichotikisika. Nilijihisi nimesimama juu ya ardhi, si juu ya watu, na woga wote ukanitoka.

Mwalimu alipofika ishirini, mgeni mkubwa akasema tusishuke, tupigwe picha kwanza. Mpiga picha akahangaika na kamera yake weee, filimu inagoma. Mwalimu akaendelea kuhesabu, thelathini, arobaini, jasho linamtoka yeye. Alipofika hamsini na kitu ndipo picha ikapigwa na filimbi ikalia. Tukashuka bila kasoro. Mgeni akasimama, akatupa mkono mmoja mmoja, akatamka palepale kwamba tumechaguliwa. Wenzangu wakaninyanyua juu juu.

Nikiwa huko mabegani ndipo nikamwona yule binti anakwenda nyuma ya darasa, anachechemea. Nikashuka, nikamfuata. Mwalimu wa kike alikuwa amemkalisha, anamtoa siafu mmoja mmoja. Walikuwa wamemjaa viganjani, magotini, mapajani. Mwili wa siafu unavutwa, kichwa kinabaki kimeng'ata. Alikuwa amepiga magoti kwenye njia yao toka mwanzo wa hesabu.

"Mbona hukusogea?" nikamuuliza.

"Ningesogea, ungeanguka."

Alisema hivyo basi, bila kujisifu, macho yake mekundu. Halafu akanifutia mchanga begani, akauliza, "Umeona nini huko juu?"

Nikachuchumaa nikamweleza yote, mabati, minazi, meli, huku nalia. Alisikiliza kama anayesimuliwa safari. Siku ya sherehe nilipanda mgongo wake kwa ncha za vidole vya miguu, kwa adabu, na uwanja mzima ulipopiga makofi nilijua ni ya nani. Lakini kumwomba radhi nilichelewa. Mwaka uliofuata baba yake aliwachukua wakarudi kusini, kwenye kijiji cha ujamaa, na mie nilikuwa nimeshinda bombani siku waliyoondoka.

Uwanja ule wa shule sasa ni fremu za maduka. Naukumbuka mgongo wake, viganja vyake vilivyovimba, namna alivyoniuliza nimeona nini. Jina alilopewa na wazazi wake silikumbuki. Nimelitafuta kichwani miaka na miaka. Nimewaendea tuliosoma nao, wale waliobaki, nikawauliza mmoja mmoja kama wanamkumbuka binti wa mchonga vinyago. Wote wanamkumbuka vizuri sana. Wote wanasema, aa, Pipa.