Bi Kidole na Deki ya Mkwewe

Tangu asubuhi Bi Kidole alikuwa kiguu na njia ndani ya sebule ya binti yake. Akikaa kwenye kochi, anainuka. Akivuta kiti mpaka kati ya spika mbili, anakirudisha mezani. Akifunga dirisha, jasho linamtoka, analifungua tena. Saa kumi alasiri muuzaji wa dukani angekuja kuichukua ile deki mpya ya kuchezea sidii, na aliyesema ichukuliwe ni Bi Kidole mwenyewe.

Jina la Kidole alilipata kazini. Miaka thelathini na moja alifanya kazi katika stoo ya santuri ya redio, na kazi yake ilikuwa kusikiliza kabla watu hawajasikia. Santuri, na baadaye kanda na sidii, haikwenda hewani mpaka yeye ameisikiliza toka mwanzo hadi mwisho, mkono umelala juu ya meza. Pakiwa na mkwaruzo, kidole kinainuka. Sauti ikififia, kidole kinainuka. Watangazaji wenye vyeti vya kujaza ukuta mzima walichungulia mlangoni kutazama kidole cha mwanamke aliyeishia darasa la saba. Mkuu wa kituo aliwahi kumwambia, "Bibie, siku kidole hicho kikiugua, tunafunga redio." Maneno hayo aliyaweka moyoni, na hakuna mgeni aliyekaa naye nusu saa akaondoka bila kuyasikia.

Ndiyo maana mkwewe, mpima ardhi, mtu mpole asiyependa makelele, alipochukua deki ya sidii ya kifahari kwa majaribio ya siku saba, hakuthubutu kuamua peke yake. Deki ilikuwa nzito, iliingizwa ndani na watu wawili, na sahani yake ilitoka taratibu kama ulimi wa mgonjwa mbele ya daktari. Bei, Bi Kidole alinong'onezwa na bintiye. Aliomba maji ya kunywa.

"Mama," mkwe alimwambia, "ya zamani ile pale, mpya hii hapa. Sikiliza tu. Ukisema ibaki, itabaki. Ukisema irudi, itarudi."

Bi Kidole akachagua sidii yenye wimbo alioujua nje ndani, uliorekodiwa kwenye studio ya redio yao: mwanamke anaimba, gitaa, ngoma, na kijikengele kinachogongwa mara moja mwisho wa kila ubeti. Kwenye deki ya zamani kengele ilikuwepo. Kwenye mpya, ubeti wa kwanza, hola. Wa pili, hola. Akarudia mara tatu.

"Imemeza kengele," akatoa hukumu. "Bei yote hiyo, na bado inakula wimbo!"

Mkwe akapiga simu dukani palepale, kwa ukali ambao hata mkewe hakuwahi kuusikia. Hiyo ilikuwa jana. Lakini wakati akihukumu, Bi Kidole alimwona bintiye akifungua mdomo kisha akaufunga. Mdomo ule ndio uliomnyima raha.

Ilipofika saa nane, mkwe akiwa bado kazini, akashindwa kuvumilia.

"We mtoto, jana ulitaka kusema nini?"

"Mimi? Wala."

"Nimekuzaa mimi. Mdomo wako ukifunguka bila neno, naujua."

"Basi tusikilize tena, mama."

"Tutasikiliza kama kazini."

Kazini, watu wakibishania mashine mbili, zilifunikwa kitambaa, msikilizaji akazipa mgongo, na anayepiga hasemi anapiga ipi. Bi Kidole akavua kitambaa cha meza, akazifunika deki zote mbili, akageuza kiti.

"Chagua utakavyo. Usiniambie. Hata kukohoa usikohoe."

Gitaa likaanza. "Ya zamani hiyo," akasema kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Ubeti ulipoisha, kidole kikainuka sawia kuonyesha kengele. Wa pili, kikainuka tena.

Akasikia sahani ikitoka, ikirudi. Gitaa likaanza upya. "Sasa hii mpya." Akatega masikio mpaka shingo ikamuuma. Ubeti ukaisha, kidole kimelala juu ya goti.

"Umeona? Hakuna! Imemeza!"

Akageuka. Bintiye alisimama ameshika pembe ya kitambaa.

"Mama, mara zote mbili ilikuwa mpya. Sidii sikuihamisha."

"Unanitania?"

"Kwa hili? Siwezi."

"Na kengele?"

"Ililia. Mara zote. Na jana pia."

"Ukakaa kimya!"

"Nani akubishie wewe habari za sauti? Tangu utoto nikibisha naambiwa, sikiliza vizuri."

Bi Kidole akasema sidii iwekwe kwenye deki ya zamani, tena wimbo mwingine, ule wa saba, ambao hakuwahi kuujali. Akakaa, mkono juu ya goti. Wimbo ukapita wote.

"Kengele imo humu?"

"Imo."

"Imelia mara ngapi?"

"Mara sita, mama."

Kidole hakikuwa kimetikisika hata mara moja. Kumbe kengele ya ule wimbo wa kwanza hakuwa akiisikia; kwenye deki aliyoizoea alikuwa akiikumbuka, na kwenye mpya, alipotega masikio kweli, hakupata kitu. Kazini alipewa asiyoyajua. Hapa, kwa kujiamini, alijichagulia mtihani ambao majibu yake alikuwa nayo.

Akainuka, akaenda jikoni, akarudi bila kitu. Akafunga dirisha. Bintiye asingesema, hilo alilijua. Muuzaji angebeba boksi lake, na yeye angebaki Bi Kidole. Akalifungua dirisha.

Saa kumi kasoro, mlango ukagongwa. Mkwe aliingia na muuzaji, kijana aliyevaa tai iliyombana.

"Ndiye mama mwenyewe," mkwe akasema kwa fahari. "Yeye ndiye aliyegundua."

"Shikamoo mama. Nimesikia habari ya kengele."

"Marahaba. Deki yako nzima, mwanangu. Kengele nimeimeza mimi."

Muuzaji akamtazama mkwe. Mkwe akatazama viatu vyake.

"Mama, labda ni uchovu tu..."

"Usinipambe, baba. Sisikii. Nilikuwa nahesabu beti nikidhani nasikia. Kama unataka kujua ibaki au irudi, muulize mkeo. Masikio ya nyumba hii anayo yeye."

Wote wakamgeukia binti. Akajifuta mikono kwenye gauni.

"Niseme kweli? Mimi naona deki zote mbili ziko sawasawa."

Muuzaji akakohoa. "Inahitaji muda, dada. Masikio lazima yaizoee."

"Haya, yazoee," Bi Kidole akasema. Akavuta kiti chake, safari hii hakukiweka kati ya spika, alikiweka ubavuni mwa bintiye. "Weka ule wa saba. Kengele ikilia, nibonyeze bega."

"Na mimi nisubiri, mama?" muuzaji akauliza, boksi tupu mikononi.

"Kaa. Na usikohoe."